Pijo ya Zuberi na Safari ya Kibakwe

Siku hizi mkiletewa gari linalochemsha mnachomeka waya chini ya usukani, mnasubiri kioo kiandike, kisha mnaniita: "Shangazi, ni sensa ya joto." Haya, ni sensa. Sina ugomvi na kioo chenu. Nimekiona kikisema kweli mara nyingi kuliko mafundi kadhaa niliofanya nao kazi, tena wengine wao walikuwa watu wa kuapa kwa vitabu. Lakini ipo homa ya gari ambayo gari likisimama inapona. Ukifungua boneti uitafute, huioni. Ukiondoka nalo, imerudi. Homa hiyo niliiuguza kwenye Pijo moja kuukuu miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, na mnapoona nanyamaza mtu akitaja Pijo, sababu ndiyo hiyo. Leo sinyamazi. Kaeni, na wewe mwenye simu iweke mfukoni.

Pijo yenyewe ilikuwa ya Zuberi, na Zuberi ndiye aliyenitia kwenye kazi hii. Alikuwa mtoto wa mjini hasa. Wazee wake walifika Dodoma na misafara ya biashara kutoka Tabora, wakapapenda, wakabaki, na yeye alirithi kwao ulimi mtamu na kofia ya kudarizi ambayo hakuivua hata akilala chali chini ya lori. Gereji yake ilikuwa uwanja mtupu nyuma ya reli, umezungushiwa mabati ya mapipa yaliyopasuliwa. Nilifika pale mjane, natoka Mvumi na sanduku la vifaa vya marehemu mume wangu kichwani, natafuta wa kuvinunua. Zuberi akalifungua, akazitazama spana, akaniuliza mwanangu wa kwanza anaitwa nani. Nikamwambia Eliza.

"Sasa Mama Eliza," akasema, "hizi ukiziuza utakula mwezi huu. Ukizishika utakula mpaka uzeeke."

Nikazishika. Watu walicheka, tena wengine walicheka kwa sauti. Wagogo wenzangu wakipita na punda zao walikuwa wanasimama kabisa kumtazama mwanamke mwenye ovaroli, na mmoja aliniuliza kama nimelaaniwa na nani. Zuberi hakucheka. Mteja akija na kusema, "Niitie fundi," yeye alikuwa ananionyesha mimi kwa kidole na kuendelea na kazi yake. Hamjui jambo dogo kama hilo linavyoweza kumshika mtu.

Sasa mjue mambo yalivyokuwa kabla ya ruksa, maana bila hayo hamtaelewa makosa yetu. Spea hazikuwepo. Ukiwa na gari umekwama nalo, na ukiwa fundi unapika chochote ulicho nacho. Tangi likivuja, tulikanda sabuni ya mche na nyuzi za gunia, tukaziba. Gasketi tulikata kwenye mfuko wa saruji tukaupaka grisi. Difu, zile gia za ekseli ya nyuma, likilia, wapo waliotia ndizi mbivu ndani, likanyamaza, wakaliuza gari siku hiyo hiyo. Hilo la ndizi sijawafundisha mimi, mtu asije akanitaja.

Halafu kulikuwa na maji yetu. Maji ya visima vya hapa yana chumvi, wote mnajua, hata chai yake mgeni huikunjia uso. Ukiyatia kwenye rejeta mwaka mzima yanaacha ukoko mweupe, mgumu, umejaza njia za maji ndani ya injini. Wenzetu wa mikoa mingine hawakuwa na shida hiyo. Sisi tulichemsha ukwaju, tukamwaga uji wake ndani ya bloku, ule mwili wa injini, tukauacha ulale humo. Asubuhi ukoko umelainika, unautoa kwa waya na maji. Na desturi nyingine ya mafundi wa Dodoma ilikuwa hii: ule mpira wa chini wa rejeta, unaopeleka maji kwenye pampu, ukija na springi ndani yake, tulichomoa ile springi tukaitupa. Chumvi ilikuwa inaila, inakatika vipande, vipande vinakwenda kuziba njia. Kila fundi wa hapa aliichomoa. Aliyeiacha tulimwita mgeni.

Mke wa Zuberi alikuwa Bi Mwajuma, mtu wa Kibakwe kule milimani, wilaya ya Mpwapwa. Mwanamke mtaratibu, mwenye maneno machache, na maneno yake yakitoka hayarudi. Pijo ilikuwa imekaa juu ya matofali uani kwao tangu enzi za foleni za sukari, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Zuberi aliapa ataifufua. Katika kuifufua, kwanza likaenda sufuria la pilau la Bi Mwajuma, likawa la kuchemshia ukwaju. Kisha zikaenda kanga zake, za kufutia kabureta. Yote hayo alivumilia. Siku moja akakuta begi lake la ngozi, alilopewa na mama yake siku ya harusi, limekatwa matundu. Zuberi alikuwa amepata humo gasketi mbili nzuri sana.

Hakupiga kelele. Alifunga vitu vyake kwenye shuka, akaenda stendi. Zuberi alimfuata mpaka mlango wa basi, na mimi nilikuwepo kwa sababu ndiye aliyeniomba nimsaidie kumbembeleza. Bi Mwajuma akamtazama mumewe kutoka dirishani.

"Zuberi," akasema, "siku gari lako litakapotembea, nifuate nalo. Usinifuate na basi."

Basi likaondoka. Talaka hakuomba, na Zuberi hakutoa. Ndugu wa pande zote walisema mume aende akaombe msamaha kwa miguu yake, lakini Zuberi alikuwa na kiburi cha fundi. Alisema mke wake ametaja gari, na gari ndilo litakalokwenda. Akalala peke yake msimu hadi msimu.

Mnaponiangalia hivyo najua mnachotaka kuuliza, kwa hiyo nawajibu kabla hamjauliza. Ndiyo, nilimpenda. Sikumwambia, na yeye hakunigusa hata ukucha. Tabasamuni mkitaka, nimeshazeeka, hamnitishi. Nilimpenda alivyokuwa anaimba kaswida chinichini akisaga valvu. Nilipenda alivyokuwa anakata mkate wa kumimina vipande viwili na kunipa kile chenye ukingo wa kahawia, bila kuniuliza, kwa sababu aliniona mara moja nikiuchagua. Asubuhi nilitoka nyumbani mapema kuliko ilivyotakiwa. Hicho tu ndicho nilichokifanya.

Kisha ikaja ruksa. Madukani pakajaa vitu. Pistoni, ringi, beringi, seti nzima za gasketi, vyote kutoka Dubai ndani ya mifuko inayong'aa. Zuberi alileta vya Pijo akavipanga juu ya meza yetu ya mbao, akachukua mpira mpya wa rejeta akaunusa. "Mama Eliza, nusa," akasema. Nikanusa. Kilikuwa kitu kipya, laini, kilichotengenezwa kwa ajili ya gari lile na si lingine, na sisi tulikuwa tumesahau kitu kama hicho kinavyokuwa. Tukashusha injini siku hiyo hiyo.

Habari haziendi kwa miguu. Dereva wa lori la mahindi, Chedego, mtu wa sauti kubwa kuliko honi yake, alitoka Kibakwe akasimama katikati ya gereji mbele ya wateja.

"Zuberi! Shemeji Mwajuma anakusalimu. Anasema amesikia umepata vyuma vipya."

"Amesikia vizuri."

"Anasema kaka zake wamechoka kumwona pale nyumbani na wewe hueleweki. Mwezi wa Ramadhani ukiandama hajaliona gari, umpelekee talaka yake, kila mtu afunge kwa amani."

Wateja wakacheka na Zuberi akacheka nao. Walipoondoka aliingia kwenye ile Pijo isiyo na injini, akakaa kwenye usukani, akafunga mlango. Ilikuwa Shaabani tayari, Ramadhani inafuata.

Basi nikaifunga ile injini pamoja naye, nikijua kila boliti ninayoikaza inampeleka Kibakwe. Mkono unakaza, moyo unalegeza. Isipowaka, au ikiwaka isifike, mwezi utaandama, talaka itakwenda, na Zuberi atabaki hapa Dodoma, na mimi nitakuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Nilikuwa naliwaza hilo huku nampa spana aliyoitaka kabla hajaitaja.

Siku ya kuiwasha tulikusanyikiwa. Zuberi akavaa kofia mpya. Akapiga stata, injini ikazunguka, haikushika, kisha ikapiga mlipuko kupitia kwenye kabureta, ulimi wa moto ukatoka nje na kuiramba ile kofia mpya iliyokuwa imeinama juu yake. Tuliizima kwa kuikanyaga. Hapo kulikuwa na watu wengi wa kutoa ushauri kuliko wa kutoa msaada. Mmoja akasema petroli ina maji, mwingine akasema valvu zimekaa vibaya tuifumue tena. Sikilizeni, injini iliyofungwa upya ikikutemea moto kwenye kabureta, usikimbilie kufumua. Chomoa plagi ya kwanza, weka kidole kwenye tundu, mwenzako azungushe kwa mkono taratibu. Hewa ikikusukuma kidole, hapo ndipo plagi hiyo inatakiwa ipate moto. Kisha angalia distributa, kile kichwa kinachogawa moto, kinaelekea waya upi. Chetu kilikuwa kimegeuzwa kinyume kabisa. Kilikuwa kinampa moto silinda aliye usingizini. Tukakigeuza, ikawaka.

Ikawaka, wanangu. Zuberi aliruka, akamkumbatia mzee mmoja muuza kahawa aliyekuwa anapita na birika lake, kahawa ikamwagika.

Injini ikawa inagonga kidogo juu. Wale wa kutoa ushauri wakaja tena. Nikaenda nyumbani nikaleta mwiko wangu wa ugali, ule mrefu wa shughuli. Ncha unaiweka juu ya injini, bapa unalibana sikioni, na unahamisha ncha mahali mahali. Utasikia kila kitu, hata mnachokisema kwa siri ninyi nikiwa nimewapa mgongo. Kugonga kwa juu, kwa haraka, kwepesi, ni nafasi ya valvu. Kugonga kwa chini, kuzito, ni beringi, na hapo zima gari kabla halijakuzimia lenyewe. Yetu ilikuwa ya juu. Nikairekebisha mwenyewe, Zuberi akainamisha sikio lake kwenye bapa la mwiko nikiwa bado nimeushika, akafumba macho. "Imetulia," akasema. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kunusa kofia iliyoungua.

Baada ya hapo ndipo homa ilipoanza.

Mjini Pijo ilitembea vizuri kabisa. Tuliizungusha sokoni, tukaizungusha stesheni, haikulalamika. Tukasema tuipeleke Chamwino kwa lami, tuijaribu kabla ya milima. Kabla hatujafika Chamwino mshale wa joto ukapanda wote, mvuke ukatoka. Tukasimama. Tukafungua boneti: mkanda wa feni uko sawa, pampu haivuji, hakuna kilichopasuka. Tukasubiri ipoe, tukawa hatuna maji. Bibi mmoja alikuwa anapalilia uwele kando ya barabara, Zuberi akanituma mimi kwa kuwa ni wa kwetu.

"Mbukwa, bibi. Tunaomba maji ya gari."

"Mbukwa. Ya gari?" Akaweka jembe chini. "Mimi maji nayafuata korongoni. Hilo linakunywa kiasi gani?"

"Ndoo moja, bibi."

"Kumbe lina kiu kuliko ng'ombe wangu, na maziwa halitoi." Lakini alitupa. Zuberi alimshukuru kwa Kigogo chake cha mjini, bibi akacheka mpaka akakaa.

Tukarudi polepole, haikuchemsha. Siku iliyofuata tukaitoa tena kwa lami, ikachemsha. Tukafungua rejeta, tukaisafisha, tukaitazama kwenye jua tundu kwa tundu. Ikachemsha. Tukarudisha muda wa moto nyuma kidogo, tukaupeleka mbele kidogo. Ikachemsha. Zuberi akafungua kichwa cha injini alichokwisha kufunga, akaitazama gasketi mpya pande zote, nzima kabisa, akafunga. Ikachemsha. Kila ikisimama gereji inanguruma kama haijawahi kuumwa. Mafundi wa jirani wakaanza kusema ni ya mke, kwamba Bi Mwajuma ameifunga. Fundi akishindwa na gari hakosi mchawi.

Shaabani ikawa inaishia. Zuberi akaacha kuimba. Jioni moja alikaa juu ya bampa, akaniambia, "Labda kichwa kina ufa usioonekana. Nikitafuta kingine mwezi utakuwa umepita. Mama Eliza, niache tu nimwandalie talaka yake?"

Hapo nilikuwa na neno la kusema na nilijua ni lipi. Ningesema, "Labda ndivyo Mungu alivyopanga." Maneno hayo yangetosha. Niliyatafuna, yakawa machungu, nikamwambia aende nyumbani akalale.

Usiku huo niliifikiria ile homa kama mtu anavyofikiria tabia ya mtoto. Inaumwa kwenye mwendo, inapona ikisimama. Barabarani kuna nini ambacho gereji hakipo? Kuna upepo, lakini upepo unapoza. Kuna mzunguko. Injini barabarani inazunguka kwa kasi, na sisi gereji hatukuwa tumeipigia resi hata mara moja. Mnajua kanuni: injini iliyofungwa upya hailazimishwi mpaka ilainike. Tuliiheshimu kanuni ile mpaka ikatuficha ugonjwa.

Asubuhi nikamwambia Zuberi akae kwenye usukani. Injini ikapata moto. Nikalala chini, mbele, chini ya rejeta.

"Piga resi," nikamwambia.

"Injini mpya hii!"

"Piga, Zuberi."

Akapiga. Na pale chini, mbele ya macho yangu, ule mpira mpya wa chini, ule tuliounusa, ukabonyea. Ukajifyonza ndani pande zote mbili kama mashavu ya mtoto anayefyonza ubuyu, mpaka njia ya maji ikaziba kabisa. Zuberi akaachia mafuta, mpira ukajaa, ukawa wa duara, mzima, hauna hatia.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Mipira yetu ya zamani ilikuwa minene, migumu, ina turubai ndani, ukichomoa springi inajisimamia yenyewe. Huu mpya wa Dubai ulikuwa laini, na springi yake ndiyo iliyokuwa mifupa yake. Pampu mpya ikivuta kwa nguvu, mpira usio na mifupa unaanguka. Tuliichomoa kwa mazoea, kwa akili ya miaka ya shida, tukaitupa kama tulivyotupa zote.

"Umeona kitu?" Zuberi akauliza kutoka juu.

Nilikuwa nimelala chali na mgongo wangu uko kwenye vumbi la gereji yetu. Yeye hakuona. Hakuna aliyeona. Kutoka pale chini niliona viatu vyake mlangoni mwa gari, mguu mmoja umetoka nje, unasubiri. Nawaambieni kweli, nilipenda kukaa pale chini. Nilipenda sana. Nilihesabu ni nani atakayejua, nikapata jibu kwamba hakuna, na jibu hilo ndilo lililonitoa jasho. Lakini kile kiatu kilikuwa cha mtu aliyemwambia mjane azishike spana. Aliyenifundisha kuona ndiye aliyekuwa ananiuliza nimeona nini.

"Njoo ulale hapa," nikamwambia. "Mimi nitapiga resi."

Alipouona ule mpira ukibonyea alicheka kule chini kwa muda mrefu, na alipotoka macho yake yalikuwa na maji. Akasema ni vumbi. Dodoma kila mtu ana vumbi la kusingizia.

Springi iliyotupwa haikuonekana. Nikachukua waya wa uzio usioshika kutu haraka, nikauviringisha kwenye mpini wa jembe, mviringo baada ya mviringo, nikauvuta uachane kidogo. Sikilizeni vizuri hapa, maana siku moja litawafaa: springi hiyo iwe nene kidogo kuliko tundu la mpira, uisokote uiingize, ikiachia yenyewe ibane. Ikilegea itasafiri na maji. Zuberi alitaka kunisaidia nikamkatalia. Niliitengeneza peke yangu, nikaiingiza peke yangu, nikakaza vibano kwa mkono wangu. Tukaenda Chamwino, tukapita, mshale haukutikisika. Kurudi, Zuberi alikuwa anaimba, na mimi nilikuwa natazama dirishani.

Aliondoka kesho yake, mwezi haujaandama. Amevaa kanzu nyeupe, amenyoa, mikono ameisugua kwa mchanga na sabuni mpaka ikawa ya mtu nisiyemjua. Mimi nilikuwa kwenye lori la mtu, nina oili mpaka kiwikoni. Mnajua tunavyosalimiana kazini mikono ikiwa michafu, mtu anatoa kifundo cha mkono mwenzake akishike. Nikampa kifundo. Hakukishika. Alichukua kiganja, na oili yake yote, akakishika kwa mikono miwili.

"Fundi," akasema, "nitazamie gereji. Nakwenda na kurudi."

"Usiipigie resi milimani," nikamjibu. Mtu amebeba maneno ya miaka, na hayo ndiyo yaliyotoka.

Akaenda na doa jeusi kwenye upindo wa kanzu.

Ramadhani ikapita. Idi ikapita. Chedego akaja na lori lake, akasimama katikati ya gereji, safari hii bila kupiga kelele. Akasema Pijo ilipanda milima yote bila kutoa hata mvuke wa chai. Bi Mwajuma alikaa kiti cha mbele, akazungushwa Kibakwe nzima mchana kweupe, kaka zake wamesimama barabarani. Waliporudi nyumbani Zuberi akamwambia afunge vitu vyake waondoke. Bi Mwajuma akamwambia, "Nilisema unifuate. Sikusema tutarudi." Kule kuna maji matamu, alisema, na ukoko wa Dodoma ameshaukoga vya kutosha. Zuberi akabaki. Akafungua gereji karibu na soko la huko.

"Amekuachia salamu," Chedego akaniambia. "Anasema gereji ni yako sasa, na ubao uandikwe jina lako. Na amesema nikuambie, halijachemsha."

Ndiyo gereji hii mliyojifunzia. Zuberi alizikwa huko huko Kibakwe. Mimi nilipata habari arobaini yake imeshapita.

Mmenisikia mara ngapi nikiwafokea gari likirudi? Linarudi kwa sababu umekosea, na lisilorudi ndiyo sifa yako. Nimeyatengeneza mengi, na kila lililorudi liliniumiza kichwa. Hilo moja nililitengeneza kuliko yote, na jioni nyingi, mkishafunga zana mkaniaga, nilisimama pale kwenye mabati nikisikiliza barabara ya Morogoro, ndiyo ya kutokea Kibakwe, maana mlio wa Pijo ile ningeujua hata katikati ya malori mia. Nilikuwa naomba lirudi. Limeharibika chochote, limekufa kabisa, linavutwa na kamba, lirudi tu.